Steringi Hafi, Adui Hana Mama

Watoto wa huku kwetu Makere, Kasulu, wanapocheza vita nyuma ya nyumba, ugomvi wa kwanza hauwi wa bunduki. Bunduki ni vijiti vya muhogo, vipo tele. Ugomvi ni nani awe steringi, yaani shujaa wa picha. Wakubwa hujichagua wenyewe. Wadogo, au mtoto mgeni aliyeletwa kwa shangazi yake likizo hiyo, hupewa uadui. Adui akipigwa lazima aanguke. Kwa kuwa hakuna anayependa kulala chini mchezo mzima, wamejiwekea utaratibu: adui aliyekufa anahesabu hadi ishirini, kisha anafufuka. Steringi hana haja ya kuhesabu. Steringi hafi.

Kanuni hiyo anaijua kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza. Ukiingia ukakuta picha imeshaanza, swali la kwanza unalomnong'oneza jirani yako ni "steringi nani?" Ukishaonyeshwa, mambo yamekwisha: unajua wa kumshangilia, unajua wa kumzomea, na unajua nani atakuwa hai mlango ukifunguliwa. Mimi nasema swali hilo ni la falsafa, na jibu tulilolizoea limetukaa kichwani kuliko tunavyodhani. Sisi wa Kasulu na Kibondo, ambao kwa miongo mitatu tumeishi jirani na watu waliokimbia vita, tuna sababu ya kulitazama upya kabla ya wengine.

Kwa asiyejua kibanda umiza, ni chumba cha tofali au mabati kando ya barabara. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki: saa nane picha ya kivita, saa kumi ya Kihindi, usiku mpira. Kiingilio ni shilingi mia chache. Madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na hewa nayo haiingii. Mbele kuna televisheni juu ya rafu na sabufa chini yake, na wanaume na vijana wamebanana hadi goti la mmoja liko mgongoni mwa mwingine. Kabla gridi ya Taifa haijatufikia huku Kigoma, umeme ulikuwa wa jenereta, na petroli ilikatika palepale picha ilipokolea. Watu walitoka nje wakaimalizia picha kwa mdomo. Katika kumalizia huko sikuwahi kusikia hata mmoja aliyemuua steringi.

Na picha yenyewe mara nyingi imetafsiriwa. Tafsiri hiyo si maandishi chini ya kioo. Ni sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, anaeleza, anatania, anaonya, anampa adui jina la utani. Nchini kwetu jina lililokuwa kubwa katika kazi hiyo ni Lufufu, ambaye kanda zake zilienea nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita VJ, na VJ Jingo ni mmoja wa wanaojulikana sana. Wasomi wachache wamewaandika watu hawa. Mimi nawahesabu kuwa wahakiki wa filamu wenye wasikilizaji wengi kuliko mwandishi yeyote wa gazeti, mimi nikiwemo. Msimulizi ndiye anayeamua kijana wa miaka kumi na mitano aelewe nini pale mtu anapoangushwa kutoka juu ya ghorofa.

Basi tuipime kanuni yenyewe. "Steringi hafi" inasema kwamba mwenye haki hulindwa. Risasi mia zinampita, yake moja inapata. Hapo kuna faraja, na sitaki kuidharau, kwa sababu mtu aliyeshinda shambani tangu alfajiri ana haki ya kuona mahali fulani duniani wema unalipwa papo hapo. Lakini igeuze upande wa pili. Kama mwenye haki hafi, aliyekufa je? Ndipo kanuni inapoanza kufanya kazi nje ya banda. Mtu akipigwa na wananchi wenye hasira hadi kufa, swali linaloulizwa sokoni ni "alikuwa amefanya nini?" Tunamtafutia marehemu kosa, kwa sababu tumeshazoea kwamba wanaoanguka ni wale waliostahili kuanguka.

Kanuni ina pacha wake: adui hana mama. Tazama Commando ya mwaka 1985, ile ambayo Arnold Schwarzenegger, Anodi wetu, anaingia kisiwani peke yake kumkomboa binti yake. Binti ana jina, ana uso, tumemwona akicheka na baba yake mwanzoni mwa picha. Askari wa kisiwani wanaanguka kwa makumi, na hakuna hata mmoja ambaye tunajua anaitwa nani, anatoka wapi, au nani alimpikia asubuhi ile. Picha hiyo nimeitazama mara nyingi na bado naipenda. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ustadi wenyewe ndio huo: kuhakikisha kwamba kati ya watu wote waliomo, moyo wetu unapata nafasi ya kumhurumia mmoja tu.

Sasa tumtazame Rambo, ambaye kila mtu anadhani anamjua.

Picha ya kwanza, First Blood, ilitoka mwaka 1982. Askari aliyerudi kutoka Vietnam anatembea kwa miguu kwenda kumtafuta rafiki yake wa vitani. Anafika nyumbani kwao anaambiwa amekufa kwa saratani, iliyoletwa na sumu walizomwagiwa vitani. Anaendelea na safari hadi mji mdogo unaoitwa Hope. Mkuu wa polisi wa mji huo, Teasle, anamwona: nywele ndefu, koti la jeshi, begi begani. Anampakia kwenye gari kama anayemsaidia, kumbe anamvusha mjini. Rambo anauliza kama kuna mahali pa kula. Anaambiwa mbele, maili thelathini. Anashushwa ng'ambo ya daraja na kuagwa. Anasimama kidogo, anageuka, anaanza kurudi mjini kwa miguu. Kwa kosa hilo anakamatwa.

Kila kinachofuata, moto, milipuko, msako wa msituni, kimetokana na mgeni aliyeulizia chakula. Katika mabanda yetu dakika hizo za mwanzo ndizo watu wanazitumia kununua karanga, wanasubiri vita. Lakini picha imeshasema neno lake kubwa pale darajani.

Teasle si shetani. Ana mji tulivu, anaogopa kwamba ukimkaribisha mzururaji mmoja watafuata kumi. Ndiyo maana picha hii inapaswa kutuuma sisi kuliko watazamaji wa London, kwa sababu tumesimama mahali pake. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi walivuka mpaka kuingia wilaya zetu kwa maelfu. Mwaka 1996 Wakongo wa Kivu Kusini walivuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huku kwetu Makere. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Nyarugusu ikapita watu 150,000, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Lugha ya Warundi na Kiha chetu zinasikilizana bila mkalimani. Kuna nyumba zilizowapa maji na muhogo kabla ya lori la msaada kufika. Kuna wenyeji waliovuniwa mashamba usiku na walioona msitu unaisha kwa kuni. Kuna wakimbizi waliofanyishwa kibarua wiki nzima wakaishia kutishiwa kuitiwa askari siku ya malipo. Kulikuwa na kanuni kwamba mkimbizi asitoke kambini zaidi ya kilomita nne bila kibali. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na mtu akikusimulia sehemu moja tu, ujue ameshachagua steringi wake.

Kuna jambo jingine kuhusu First Blood ambalo wengi wa wapenzi wake hawalijui. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 iliyozaa picha hiyo, Rambo anakufa. Hata watengenezaji wa filamu walipiga picha za mwisho wa namna hiyo. Walipouonyesha kwa watazamaji wa majaribio, watazamaji wakaukataa, ukatiwa mwisho mwingine: Rambo analia kama mtoto mbele ya kanali wake, anakabidhi silaha, anatoka amefunikwa koti. Ni kilio cha mtu ambaye vita vimemtoa katika watu. Katika picha nzima aliyekufa ni askari mmoja tu, naye kwa kuanguka kutoka helikopta. Miaka mitatu baadaye likatoka toleo la pili, na hapo Rambo tunayemjua mabandani akazaliwa: hashindwi, halii, anaua asiowajua majina. Kwa hiyo steringi wetu alishakufa kitabuni, akafufuliwa na watazamaji. Benchi la Makere na viti vya Marekani vilikuwa vinataka kitu kilekile.

Wahindi walithubutu. Katika Sholay ya mwaka 1975, Jai, yaani Amitabh Bachchan, anabaki peke yake kulizuia daraja na anakufa mikononi mwa rafiki yake. Nimewasikia watu wazima wakibisha hadi leo kwamba picha ile "haijaisha", kwamba ipo sehemu ya pili ambako Jai anaonekana hai. Haipo.

Na wazee wa pwani walithubutu zamani zaidi. Fumo Liyongo, steringi wa kwanza wa Kiswahili, anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, na anafia amepiga goti, upinde mkononi, hata watu wa mji wakaogopa kwenda kisimani kuteka maji. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, anatuachia steringi anayesubiri kitanzi cha Wajerumani na kugoma kutamka maneno anayotakiwa ayatamke. Sisi si watu tusioweza kustahimili shujaa afe. Mtu atasema: na Sungura je, mbona hafi? Kweli, Sungura wa hadithi za bibi hafi. Lakini Sungura ni mdogo kuliko wote msituni, anaponea kwa akili, na Fisi aliyeshindwa leo kesho yupo tena kwenye hadithi, ana njaa, ana watoto. Hadithi zetu zilimwacha adui aishi.

Wagiriki wa kale nao, katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, hawakumwangusha mtu ovyo. Karibu kila anayechomwa mkuki anatajwa jina, baba yake, na mara nyingine mji aliozaliwa. Na utenzi ule wa Wagiriki unaishia kwenye mazishi ya Hector, adui wao.

Sinema ya ukanda wetu wa Maziwa Makuu imelijaribu jambo hilo pia, katika mazingira magumu kuliko yote. Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi utotoni Kongo, alitengeneza Sometimes in April mwaka 2005, juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Augustin ni kapteni wa jeshi, Mhutu, mkewe ni Mtutsi. Ndugu yake Honoré ni mtangazaji wa redio ya RTLM, ile iliyowachochea watu kuua. Miaka kumi baadaye Augustin anasafiri kuja Arusha, kwenye mahakama ya mauaji hayo, iliyokaa nchini mwetu hadi mwisho wa mwaka 2015, kumtazama ndugu yake aliyeko kizuizini. Hapo adui ana mama, na mama huyo ndiye mama wa steringi. Ukitaka kumchukia Honoré kwa raha kama tunavyowachukia askari wa kisiwa cha Commando, huwezi. Kila ukimtazama unaona sura ya ndugu yake. Picha haimsamehe. Inakataa tu kumfanya kivuli.

Linganisha na Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambayo ilivuma zaidi. Ile ilitupa steringi kamili, meneja wa hoteli aliyewaficha watu zaidi ya elfu moja. Lakini walikuwapo manusura wa hoteli hiyohiyo waliopinga namna alivyochorwa, na Septemba 2021 mtu halisi, Paul Rusesabagina, alihukumiwa mjini Kigali miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi ambayo Marekani na watetezi wa haki walisema haikuwa ya haki. Machi 2023 akaachiwa. Kila upande unamwona kwa jicho lake. Ninachosema ni kwamba mtu akishapakwa rangi ya steringi, hatuwezi tena kumjadili kama binadamu. Anabaki wa kuabudiwa au wa kuvunjwa.

Filamu ambayo ningependa ionyeshwe kila shule ya sekondari ya Kasulu na Kibondo ni fupi, dakika ishirini na kidogo, na inaitwa Watu Wote. Ilitengenezwa Kenya na wanafunzi wa filamu kutoka Ujerumani chini ya Katja Benrath, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Kisa ni cha kweli: Desemba 2015, basi la Mandera lilitekwa na al-Shabaab, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa, wakawavisha wenzao hijabu, wakawaambia wauaji waue wote au waondoke. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Hakuwa na bunduki wala misuli. Alikufa, na hakuna anayeweza kusema hakuwa steringi.

Upo upande mwingine wa kioo ambao wanaume tunaudharau. Jioni, sebuleni, kina mama na mabinti wanatazama tamthilia, na sisi tunasema ni mambo ya wanawake. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Hakuna bomu mle. Adui, kama yupo, ni mama mkwe: ana sababu zake, ana hofu ya kupoteza mwanawe, na kesho asubuhi lazima mnywe naye chai. Huwezi kummaliza, itabidi uishi naye. Kwa maisha halisi ya Makere, ya majirani wanaogombea mpaka wa shamba na mkimbizi anayeuza nyanya nje ya duka la mwenyeji, tamthilia hiyo ina elimu kubwa kuliko Rambo wote waliofuata yule wa kwanza.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni burudani tu, watu wamechoka, waache wafurahi. Serikali ya mkoloni haikudhani hivyo. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha Vugiri, Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika awe mtu wanayemtaka. Mwaka 1952 ikatengenezwa Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam wajanja wakamtapeli. Aliyecheza alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wengine wamelijua siku nyingi kwamba picha hulea. Bodi yetu ya Filamu hukagua picha kwa kuangalia nguo, matusi na damu, na hiyo ni kazi yake. Sijaona daraja la kumwonya mzazi kwamba katika picha hii watu mia wanakufa na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Wala siombi vibanda vifungwe. Katika vijiji vyetu hapo ndipo mahali pekee ambapo watu wasiojuana wanakaa giza moja wakitazama kitu kimoja, na nje, picha ikiisha, wanabishana kwa hoja. Mabishano hayo ni mali. Walimu wa Kiswahili wangeweza kuyaingiza darasani bila gharama: waandike wanafunzi insha juu ya picha waliyoitazama Jumamosi, lakini waisimulie kwa mdomo wa adui wa tatu aliyeanguka, aliacha nini nyumbani, nani aliyemwajiri, nani atapeleka habari kwao.

Na kwa watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam: kuna kisa hapa, katika barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, cha mgeni aliyefika mlangoni jioni akaulizia chakula. Kila familia ya Makere inacho, na majibu hayafanani. Njooni mkichukue, na mje na wasikilizaji wa Kiha.

Lakini ombi langu kubwa nalielekeza kwenu wasimulizi, wenye maikrofoni. Ninyi tayari mnaongeza maneno yasiyokuwemo, na hakuna anayewakataza. Askari asiye na jina akianguka kutoka juu ya mnara, badala ya kumcheka, mpeni jina, mtajeni na kijiji anakotoka. Kisha endeleeni na picha.